Trela la Miwa Lililobanduka Rangi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Bonde la Kano

Trela lenyewe ni la ekseli mbili, la kuvutwa na trekta, na kazi yake ni kubeba miwa kutoka mashamba ya Kibigori, Chemelil na Muhoroni kuipeleka kiwandani. Mwenye trela alilipeleka katika karakana moja mjini Kisumu likiwa limechakaa. Chesi, yaani fremu yake, ikanyooshwa, chaneli moja ya mbele (chuma chenye umbo la U) ikabadilishwa, nguzo za pembeni zinazozuia miwa isimwagike zikawekwa mpya, na ulimi wa kufungia trekta ukaongezewa bamba la kuuimarisha. Kisha likapigwa rangi: praima (rangi ya kwanza) ya epoksi mkono mmoja, rangi ya juu ya poliyurethani, samawati iliyokoza, mikono miwili. Lilitoka likipendeza. Kabla msimu wa miwa haujaisha, kutu ilikuwa ikichuruzika kwenye miguu ya nguzo, chaneli mpya ilikuwa ikitoa maganda mapana kuliko kiganja, na karibu na ulimi rangi ilikuwa imepasuka mistari mistari.

Mwenye trela alirudi karakana akiwa na hasira. “Fundi, mimi nimelipa bei ya epoksi, wewe umenipakia maji.” Fundi wa rangi, ambaye kiumri ni kama mwanawe, alimjibu kwa adabu lakini hakurudi nyuma: “Mzee wangu, kopo tulilifungua mbele yako. Shida ni mzigo. Ukipakia miwa ipite juu ya nguzo, hakuna rangi duniani itakayovumilia.” Mmoja alilaumu kopo, mwingine alilaumu mzigo. Niliitwa kukagua na kusema nani yuko sahihi.

Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu malalamiko ya aina hii nayasikia kila upande, kuanzia mageti ya Milimani hadi minara ya matangi ya maji kule Nyakach, na karibu kila mara watu wanabishana kuhusu rangi huku chuma chenyewe hakijaangaliwa. Katika trela hili rangi haikuwa mbovu, na mzigo peke yake usingeweza kuipasua. Rangi ilishindwa mahali ambapo chuma kilikuwa kikitembea chini yake, na mahali ambapo ilipewa kitu kisichoshika ishikilie.

Chaki kwanza

Nilichukua chaki nikazungushia kila mahali palipoharibika kabla ya kukwangua chochote. Hatua hii wengi huiruka, na ukiiruka umepoteza nusu ya ushahidi, kwa maana mpangilio wa uharibifu husema mengi kuliko uharibifu wenyewe. Rangi bandia, au rangi iliyozidishiwa tina, au epoksi iliyochanganywa kwa kukisia na hadena, ile dawa ya kuigandisha, huharibika popote ilipopakwa. Huwa laini popote, hupauka popote, hutoka kwa ukucha popote.

Hapa haikuwa hivyo. Ubavuni mwa chesi, kwenye uso mpana wa nguzo na katikati ya mabamba ya sakafu upande wa chini, rangi ilikuwa nzima. Nilikata alama ya X kwa kisu kikali hadi chumani, nikabandika utepe wa gundi juu yake, nikaukandamiza kwa kidole, nikauvuta kwa mkupuo mmoja. Utepe ulitoka mtupu. Nikarudia sehemu nyingine nzima, matokeo yakawa yale yale. Nikalowesha kitambaa kwa tina nikasugua. Rangi haikulainika wala kuacha samawati kwenye kitambaa. Rangi ya pakiti mbili, yaani rangi na hadena yake, iliyokosewa kipimo cha hadena haiwezi kupita jaribio hilo. Dai la kwamba mteja alipakiwa maji likaishia hapo, na nikamwambia mzee hivyo mbele ya fundi, kwa sababu jina la fundi lilikuwa limeshachafuliwa mbele ya wateja wengine.

Mizunguko ya chaki ilikuwa imekusanyika sehemu nne: miguu ya nguzo inapokutana na chesi, kiungo cha ulimi, ile chaneli mpya ya mbele, na sehemu za ubavu wa sakafu zilizozibwa mabonde kwa puti. Sehemu hizo nne hazikuugua ugonjwa mmoja, ingawa kwa mtu aliyesimama mbali zote zilikuwa “rangi imetoka.”

Mzigo haukutosha

Tuchukue hoja ya mzigo kwa uzito wake, maana inaonekana ya kweli. Trela likijazwa, chesi inapinda. Ikipinda, uso mmoja wa chuma unarefuka, na rangi iliyoshikamana nao inalazimika kurefuka nao. Kwa kiasi gani?

Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo (nguvu kwa kila eneo) wa takribani megapaskali 250, na ugumu wake wa kunyumbuka, yaani jinsi kinavyokataa kurefuka, ni takribani gigapaskali 200, sawa na megapaskali 200,000. Ukigawanya, unapata 0.00125. Yaani kila mita moja ya chuma inaweza kurefuka kama milimita moja na robo kisha ikarudi. Ikizidi hapo, haitarudi tena. Nilivuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho wa chesi, upande wa kushoto na wa kulia. Ilikuwa imenyooka. Kwa hiyo, hata kama mzee alikuwa akipakia kupita kiasi (na mimi naamini alikuwa akipakia, kwa sababu kila mtu wa miwa anapakia), chuma cha chesi hakikuwahi kurefuka kwa ujumla zaidi ya asilimia 0.125. Epoksi iliyokauka vizuri na bado changa huvumilia asilimia kadhaa, na poliyurethani huvumilia zaidi.

Mzee aliuliza swali zuri kuhusu mabati ya rangi ya nyumba, yale yanayokunjwa mawimbi na mashine yakiwa yameshapakwa: mbona hayapasuki? Hesabu yake inasaidia kesi hii. Bati la nusu milimita likikunjwa juu ya mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3, uso wake wa nje unarefuka kwa asilimia 7 hadi 8. Hiyo ni zaidi ya mara hamsini ya kile chesi ya trela inachoweza kurefuka ikibaki imenyooka. Rangi ya bati inavumilia kwa sababu imetengenezwa inyumbuke, ni nyembamba sana, na mkunjo unaigawia kazi katika eneo zima la kona. Zinki iliyo chini yake nayo ni laini: viwanda vya mabati huongeza aluminiamu kidogo sana katika zinki iliyoyeyushwa ili kuzuia lile tabaka gumu la mchanganyiko wa zinki na chuma lisiwe nene, maana tabaka hilo ndilo linalopasuka bati likikunjwa.

Basi kama mabati yanavumilia asilimia 7, ni nini kiliipasua rangi ya trela ambalo halijarefuka hata robo ya asilimia moja?

Miguu ya nguzo

Jibu lilikuwa kwenye miguu ya nguzo, na lilionekana kwa macho bila kifaa chochote cha maabara. Kila nguzo ilikuwa imechomelewa kwenye chesi kwa vipande: sentimita chache za mshono, nafasi tupu, sentimita chache tena. Mafundi wengi hufanya hivyo kuokoa vijiti vya kuchomelea na kuzuia chuma kisipinde kwa joto, na kwa nguvu pekee mara nyingi inatosha. Mpaka rangi alipuliza juu ya yote. Palipo na mshono rangi ililala juu ya chuma. Pasipo na mshono ililala juu ya mwanya mwembamba kati ya vyuma viwili, ikauziba, na kwa macho kila kitu kikawa laini.

Niliomba jeki. Tukaiweka chini ya kona moja ya nyuma, trela likiwa tupu, tukainua kidogo tu mpaka gurudumu likaanza kuachia uzito. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mguu wa nguzo ya tatu. Mstari mwembamba wa kahawia, ambao awali ungedhani ni mkwaruzo, ulifunguka ukawa mdomo mweusi. Nikaingiza ukingo wa karatasi ya daftari, ukaingia. Jeki iliposhushwa, karatasi ilibanwa. Mzee na fundi wote waliona, na kuanzia hapo mabishano yalipoa, kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia kitu kimoja.

Chukua mwanya wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Trela likipita shimo, vyuma viwili vinaachana kwa sehemu moja nyingine ya kumi. Chuma chenyewe hakijarefuka, kimesogea tu. Lakini ule utando wa rangi uliovuka mwanya, ambao umeshikwa huku na huku na hauna chini yake chochote, umetakiwa kuwa na urefu mara mbili ya ule ulionao. Hiyo ni asilimia 100. Hakuna epoksi inayoweza. Ungeweza kununua rangi ya meli, ghali kuliko zote, na ingepasuka mahali hapo hapo, pengine siku hiyo hiyo. Na njia za miwa za upande wa Kano, zenye udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka, haziliachi trela litembee sawasawa hata hatua chache. Kila gurudumu linapanda na kushuka kwa wakati wake, chesi inajikamua, na mwanya unafunguka na kufunga.

Baada ya hapo maji yanaingia, na kwa trela la miwa si maji tu. Muwa uliokatwa hutoa juisi yenye asidi kidogo, na ikikaa kwenye joto huchacha na kuzidi kuwa kali. Ndani ya mwanya haikauki upesi kama ilivyo juu. Hewa ni haba ndani kuliko nje, na tofauti hiyo peke yake inatosha kukifanya chuma cha ndani kiliwe kwa kasi. Kisha kutu yenyewe, ambayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa kutegemea aina yake, inasukuma rangi kutoka chini na kuipanua ile njia. Ndiyo maana mzee aliona kutu “inatoka kwenye rangi.” Ilikuwa inatoka mwanyani.

Kingo kali za vyuma vya nguzo zilisaidia uharibifu. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali, kwa hiyo pale ndipo inapokauka ikiwa nyembamba kuliko sehemu nyingine yoyote. Kipimo cha sumaku cha unene wa rangi kilithibitisha hilo: kadiri nilivyosogea ukingoni ndivyo namba zilivyoshuka. Miongozo ya ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha kulinda chuma kwa rangi, hutaka kingo ziviringishwe kufikia nusu kipenyo cha milimita 2. Hizi zilikuwa kama zilivyotoka kwenye diski ya kukatia.

Ulimi ulikuwa na jambo baya zaidi

Nikiri kwamba hapa ndipo niliacha kufikiria rangi na kuanza kufikiria watu walio barabarani.

Kwenye kiungo cha ulimi rangi ilikuwa na nyufa nyembamba zilizolala sambamba, zote zikikata njia ya mvuto wa trekta. Nyufa za mpangilio huo hazitokani na jua. Rangi isiyonyumbuka hupasuka kwa kukingama na upande chuma kinakovutwa zaidi, na jambo hili limewahi kugeuzwa kuwa kipimo. Katika miaka ya 1930 na 1940 Alfred de Forest na Greer Ellis wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, waliendeleza vanishi iliyotengenezwa makusudi iwe rahisi kupasuka. Wahandisi waliipaka kwenye kipuri, wakakipa mzigo, kisha wakasoma nyufa kujua mkazo umekaa wapi na unaelekea wapi. Kabla ya hapo, na hata baadaye, waliojaribu mihimili ya chuma walikuwa wakiipaka chokaa, wakatazama inapoanzia kupukutika. Rangi ya trela ilikuwa inafanya kazi ile ile bila kuagizwa. Ilikuwa inasema: hapa chuma kinavutwa kuliko kwingine.

Sababu ilionekana. Lile bamba la kuimarisha lilikuwa limekatwa mraba, na mwisho wake ulikuwa umechomelewa kukatiza uso wa ulimi. Ulimi ukipinda, sehemu yenye bamba inakataa kupinda, sehemu isiyo na bamba inakubali, na mgongano wote unakusanyika kwenye mstari mmoja, ukingoni mwa ule mshono. Bamba lililowekwa kuongeza nguvu lilikuwa limetengeneza mahali pa kuvunjikia.

Nilikwangua rangi, nikasafisha, nikapuliza rangi nyekundu ya kupenya, ile inayoingia ndani ya nyufa, nikaiacha iingie kwa dakika kumi, nikaifuta, kisha nikapuliza ile poda nyeupe. Kwa muda kidogo hakukuwa na kitu. Halafu mstari mwekundu ukaanza kujichora juu ya weupe, ukingoni mwa mshono, mwembamba lakini umenyooka, urefu wa kama kidole gumba. Huo haukuwa ufa wa rangi. Ulikuwa ufa wa chuma, ufa wa uchovu, ule unaokua kidogo kidogo kila trekta linapovuta na kuachia. Rangi juu yake ilipasuka kwa sababu ile ile ya miguu ya nguzo: ilikuwa imevuka mwanya unaofunguka na kufunga.

Trela halikuruhusiwa kurudi barabarani siku ile. Mzee alitaka kumaliza safari zilizobaki za juma hilo, nikamwambia hapana, na fundi akaniunga mkono. Ulimi ukikatika trela likiwa limejaa kwenye barabara ya Awasi kwenda Chemelil, pembeni kuna boda boda, kuna akina mama wanaotoka sokoni na watoto wanaotoka shule. Nalisema wazi kwa kila mwenye trela anayesoma: mstari wa kutu ulionyooka kando ya mshono wa ulimi, usiupake rangi juu. Ukiupaka umeficha taarifa pekee uliyokuwa nayo.

Chaneli mpya na gamba lake jeusi

Chaneli ya mbele ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Huko hakukuwa na mwanya wala mshono. Rangi ilikuwa inatoka kwa maganda mapana, safi. Niliokota ganda moja nikaligeuza. Mgongo wake ulikuwa mweusi unaoelekea bluu, unang'aa. Praima ilikuwa ya kijivu. Kwa hiyo ganda lilikuwa limetoka na kitu ambacho hakikutoka kwenye kopo lolote.

Ni gamba la kiwandani. Chuma kikipitishwa kwenye roli kikiwa chekundu kwa moto, uso wake huungana na hewa ukajijengea tabaka la oksidi, gumu na linalovunjika upesi. Chuma kipya cha dukani huja nalo, na mnunuzi hulipenda kwa sababu linaonekana safi. Fundi alikuwa amelisugua kwa grainda yenye brashi ya waya mpaka likang'aa. Brashi ya waya hailitoi gamba hili. Hulipiga msasa likang'aa zaidi. Praima ikashika vizuri sana juu ya gamba, na gamba likawa linashika vibaya juu ya chuma. Utepe wa gundi ungepita jaribio siku ya kwanza. Kisha chaneli ikaanza kunyumbuka na trela, gamba lisiloweza kunyumbuka likavunjika, likaondoka na rangi mgongoni. Na chuma kilichobaki wazi kati ya vipande vya gamba huliwa upesi zaidi, kwa sababu unyevu ukiunganisha viwili hivyo, chuma ndicho kinachotolewa sadaka.

Ndiyo maana chaneli za zamani za trela hilo hilo, zilizopakwa rangi hiyo hiyo siku hiyo hiyo, zilikuwa nzima: gamba lao lilishaisha miaka mingi iliyopita. Fundi alikuwa haelewi kwa nini chuma cha zamani kilishinda chuma kipya. Alipoliona lile ganda mkononi mwangu alienda mwenyewe kuokota jingine, akaligeuza, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kuhusu geti fulani alilolipaka mwaka uliotangulia.

Puti

Puti ya ubavuni nitaipitia haraka kwa sababu kosa lake linajulikana, ila sababu yake hueleweka vibaya. Mabonde ya bamba yalikuwa yamejazwa puti karibu milimita moja na zaidi, kisha rangi juu. Uso ulikuwa umepasuka vigae vigae kama tope la mashamba ya mpunga ya Ahero maji yakishakauka.

Kila rangi na kila puti husinyaa ikikauka, lakini chini imeshikwa, kwa hiyo hubaki ikijivuta. Nguvu hiyo hukaa ndani yake hata trela likiwa limeegeshwa. Ukiongeza unene mara mbili, nguvu iliyohifadhiwa juu ya kila sentimita ya mraba nayo inaongezeka mara mbili, ilhali mshiko wa chini haujaongezeka hata kidogo. Watu wanaamini rangi nene ni ulinzi zaidi. Kuna kiwango ambacho ukikipita, unene wenyewe ndio unaobandua. Halafu jua. Chuma hutanuka kwa takribani sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, epoksi isiyo na vijazio mara nne au tano ya hapo, na puti nayo hutanuka kuliko chuma. Trela la samawati iliyokoza hupata joto kali mchana wa Kisumu, kisha mvua ya alasiri inaliangukia ghafla. Utando unataka kusinyaa kuliko chuma kinavyosinyaa, na hauna pa kwenda. Bamba jembamba la ubavu linalotetemeka barabarani humalizia kazi.

Nilichopendekeza, na walivyokubaliana

Sikupendekeza trela lipakwe upya lote. Hilo lingekuwa upotevu wa pesa, kwa sababu sehemu nzima zilikuwa nzima kwelikweli.

Ulimi ulishughulikiwa kwanza. Bamba likaondolewa, ufa ukachimbwa kwa grainda mpaka rangi ya kupenya haikuonyesha tena mstari, ukajazwa kwa mshono unaofika ndani, ukasawazishwa. Bamba jipya likakatwa likiwa limechongoka miisho yote miwili, likachomelewa mbavuni bila mshono wa kukatiza, ili ugumu uingie pole pole. Kiungo kizima kikapakwa rangi nyeupe, nyembamba, bila samawati juu. Dereva akiwa anafunga pini asubuhi, mstari wa kahawia juu ya weupe atauona. Juu ya samawati iliyopakwa tope asingeuona.

Miguu ya nguzo ikazungushiwa mshono mfululizo, ukigeuzwa kwenye kona ili usiishie ukingoni mwa chesi. Pale mabamba ya sakafu yanapolaliana, ambapo mshono mfululizo ungeyapinda kwa joto, tukatumia mastiki (kizibio laini kinachonyumbuka) ya poliyurethani juu ya praima, kabla ya rangi ya mwisho. Hesabu ni ile ile ikigeuzwa: msogeo wa sehemu moja ya kumi ya milimita ukigawanywa katika mkanda laini wa milimita 5, kila sehemu ya mkanda inarefuka asilimia 2 tu. Mkanda huo lazima uwe mpana na uwe na unene. Ukiupangusa kwa kidole ukabaki filamu nyembamba, umerudi ulipokuwa.

Chaneli ilipelekwa kupulizwa kwa chembe ngumu mpaka chuma cheupe kikatokea. Nilisisitiza isiwe mchanga mkavu wa mtoni, kwa sababu vumbi la silika huharibu mapafu ya anayepuliza na hayaponi. Kingo zote zikaviringishwa, zikapakwa mkono wa ziada kwa brashi kabla ya kupuliza. Na praima haikuanza mpaka chuma kilipokuwa na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, jambo ambalo karibu na ziwa, asubuhi, mara nyingi halitimii hata kama macho hayaoni unyevu wowote.

Kuhusu malipo, karakana ilichukua gharama ya chaneli na miguu ya nguzo. Ulimi waligawana: mzee alinunua chuma na vijiti, karakana ikatoa kazi, kwa sababu bamba la mraba lilikuwa wazo la mzee na fundi alilichomelea bila kupinga. Tulitofautiana jambo moja tu. Mzee alitaka mabonde ya ubavuni yazibwe tena kwa puti ili trela liwe na sura. Nilikataa, fundi naye akakataa. Puti ikakwanguliwa yote, mabonde yakagongwa kwa nyundo yalivyowezekana, na yaliyobaki yakapakwa praima na rangi kama yalivyo.